Sahani ya Peke Yake

Madungu, Chake Chake
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Natumai umeamka salama na magoti yameacha kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya vumbi la mafaili. Nisalimie Kaka Jabir na mkewe, na watoto wao Mmanga na Moza.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, mama, hupokelewa na uwanja mzima. Unaweka sauti ya juu, wifi anajibu kabla yako, Mwatum wa nyumba ya pili anatia neno, na haya hayafai kusikiwa na watu. Nyange wa gari ya Konde amekubali kuchukua barua na kifurushi.

Ni kuhusu mwanangu Ishak. Nilipokuja wiki iliyopita nilimshika mkono wa juu, na vidole vyangu vilikaribia kukutana. Sikusema kitu mbele yako. Unajua kazi yangu sasa: nachapa vipeperushi vya lishe ya watoto, asubuhi mpaka jioni. Mtoto asilazimishwe kula. Asipewe chai ya sukari kabla ya chakula. Apate matunda na mboga za majani kila siku. Na apewe chombo chake mwenyewe, ili mlezi aone amekula kiasi gani.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu. Kwenye sinia na wenzake hatuwezi kujua anapata nini. Mmanga ana miaka minane, tonge lake moja ni matatu ya Ishak. Ndani ya kifurushi kuna sahani ya buluu yenye vyumba vitatu: kimoja cha wali au muhogo, kimoja cha samaki, kimoja cha mboga. Tafadhali mama, apakuliwe humo, peke yake, na unitumie ujumbe kila jioni kama amemaliza.

Nisamehe kama nimekosa adabu.

Mwanao,
Nusaiba


Shumba Viamboni
15 Oktoba 2024

Mwanangu Nusaiba,

Waaleikum salaam warahmatullah. Siye wazima, magoti ndiyo hayo hayo. Jabir kakusalimu, wifi yako kakusalimu, na Mwatum kakusalimu, ingawa weye hutaki atie neno.

Barua nimeisoma mara mbili. Nimetafuta mahali ulipouliza kama mwanao anacheka, kama anaota, kama ameshajua Alhamdu. Sikupaona. Umeuliza mkono wake.

Mkono wake mwembamba kwa sababu alitoka homa, siku tisa, na nilikwambia kwenye simu ukasema una mkutano. Sasa anarudi. Na hiyo chai ya sukari na biskuti, nani aliyemzoesha? Mie sinunui biskuti. Biskuti hushuka garini na weye.

Sinia hulijui tena? Ulikulia humo. Kila mtoto ana upande wake, na mkono ukivuka mpaka ninaupiga. Samaki naye simwagi katikati wakamgombania. Ninamchambua mwiba mie mwenyewe, nikamwekea kila mtu mbele yake, mdogo kwanza. Ishak mboga ya mtoriro alikuwa haujui. Kaula kwa kumuona Moza anaula. Mtoto hafunzwi kula na karatasi, hufunzwa na tonge la mwenziwe.

Lakini kubwa si hilo. Nusaiba, katika nyumba hii nani alikuwa na chombo chake peke yake? Babako. Miezi minane alikula barazani na bakuli lake, kifua kikuu kimemkalia, na weye ndie uliyekuwa ukilichemshia maji lile bakuli. Umesahau? Watu wa hapa hawakusahau. Nilipompakulia Ishak kwenye hiyo sahani yako, Moza kaniuliza, "Bibi, Ishak ana kifua?" Na Mmanga kasema, "Sogea huku, atakukoholea."

Nimeirudisha kabatini. Nakungojea neno lako, kwani weye ndie mwenye mwana, mie mlezi tu.

Mamako


Madungu
20 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kuwa nyote hamjambo. Mimi pia sijambo, mafua yamekwisha.

Mambo ya baba hayakunijia akilini hata kidogo. Naomba radhi. Lakini ni miaka tisa sasa tangu afariki, na watoto wale hawakumuona. Wamesikia maneno ya wakubwa tu. Wataizoea sahani kwa wiki moja.

Mama, naomba unielewe. Mimi bado niko kwenye muda wa majaribio mpaka Machi. Mkuu wetu, Bi Duni, si mkali, anacheka na kila mtu, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu karani aliyekuwepo kabla yangu aliachishwa kwa kicheko hicho hicho. Ametangaza kuwa mwezi wa Disemba kutakuwa na siku ya lishe, watoto watapimwa hadharani kwa ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi: kijani ni mzima, njano ni hatari, nyekundu ni mgonjwa. Amesema wafanyakazi wenye watoto waje nao, "ili tuwe mfano". Akanitazama mimi. Nilishamwambia nina mtoto wa miaka minne.

Kwa hiyo miezi hii miwili ni muhimu sana. Tafadhali mtoe kwenye sinia. Akilia, muache alie kidogo.

Mwanao,
Nusaiba


Shumba Viamboni
24 Novemba 2024

Mwanangu,

Nakusalimu. Siye wazima wa viwiliwili.

Nimefanya ulivyotaka, na kila jioni nimekutumia ujumbe: kamaliza, kamaliza. Leo nakwandikia ukweli, kwa kuwa ukweli hauenei kwenye ule ujumbe wa neno moja.

Wiki ya kwanza alikaa na sahani yake mlangoni, akiwatazama wenzake. Alikuwa akiuliza, "Bibi, mie nimefanya nini?" Nikamwambia hukufanya kitu, mamako anakupenda. Akasema, "Basi asinipende sana."

Wiki ya pili Mwatum kaniita ukutani. Ananong'ona kama mtu aliyefiwa. "Bi Bimkubwa, mambo ya watoto hayafichwi. Kama mjukuu wako ana yale ya babu yake, tuambie tuwalinde wetu." Nikamwambia ana ya mama yake, wala hayana dawa. Hakucheka. Kesho yake mwanawe hakuja kucheza.

Na chuoni kwa Kurani, Ijumaa, sadaka ya ubwabwa ikaletwa kwenye masinia kama kawaida. Mwalimu kamtengea Ishak kwenye kifuniko cha sufuria, pembeni. Si mtu mbaya yule, mama wawili walimwendea.

Basi nilikuwa naona sahani inarudi tupu, nikijisemea angalau anakula. Jana nikamfuata nyuma ya banda. Kachuchumaa, anawagawia kuku. Samaki niliyemchambua mwiba mie, anawapa kuku, mmoja mmoja, kila kuku na upande wake, na aliyevuka mpaka anampiga kidogo mgongoni. Nikauliza, "Ishak, weye huli?" Kasema, "Nala na hawa."

Nusaiba, mwanao amekonda kuliko siku uliyomshika mkono. Niruhusu nimrudishe kwenye sinia. Nakuomba mie mamako, na sijapata kukuomba kitu.

Mamako


Madungu
28 Novemba 2024

Mama,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, nimelia. Usimrudishe kwenye sinia bado, wala usiendelee na sahani. Nitakuja mwenyewe Jumamosi nimchukue. Siku ya lishe ni tarehe 14. Nitakaa naye hizi wiki mbili, nitampikia kwa mkono wangu, atanenepa, kisha nitamrudisha siku tatu baada ya hapo. Nimeomba ruhusa nikakubaliwa nusu siku tu, kwa hiyo sitakaa. Mfungie nguo chache.

Mwanao,
Nusaiba


Shumba Viamboni
2 Januari 2025

Mwanangu Nusaiba,

Nakusalimu na namsalimu mjukuu wangu. Huku kwema. Maembe yameshuka, Mmanga kaanguka mtini, hakuvunjika.

Ulisema siku tatu baada ya tarehe 14. Leo ni siku ya kumi na tisa. Ninapiga simu, unaniambia uko kazini. Ninapiga usiku, unaniambia kalala. Nikisema niamshie nimsikie sauti, unasema kesho.

Nimempa Nyange maembe kumi na nane na dagaa wa kukaanga ndani ya kopo. Ishak anampenda dagaa kichwa. Moza kila siku anauliza upande wa Ishak akae nani. Nimemwambia asikae mtu.

Nijibu.

Mamako


Shumba Viamboni
20 Januari 2025

Nusaiba,

Salamu ni wajibu, basi assalaam aleikum.

Leo saa nane Nyange kasimamisha gari mbele ya nyumba, kamteremsha mtoto na mfuko wa nguo, kama anavyoteremsha gunia la mtu. Hana barua. Nyange kasema, "Mwanao kanipa saa mbili asubuhi, alikuwa anawahi kazini." Mtoto wa miaka minne, Nusaiba. Na mtu mwema Nyange, kamkalisha mbele, kamnunulia ndizi. Kasema hakuila, kaishika tu mpaka imelainika mkononi.

Nimemkumbatia nikahesabu mbavu. Nikamuuliza, "Mamako hajambo?" Kanitazama, katazama mlango, kisha kaninong'oneza sikioni: "Halati hajambo."

Halati nani? Mie nilizaa mwana mke mmoja na mwana mume mmoja. Weye huna dada wa kuitwa halati.

Umemfanya nini mwanao? Sitaki simu. Kwenye simu utakatika. Andika.

Mamako


Madungu
9 Februari 2025

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Sijui niulize vipi hali yako. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimechana.

Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Nilimpikia kila kitu kilichomo kwenye kipeperushi. Mayai, maharage, mtoriro, papai. Alikuwa anakaa mbele ya chakula mikono imefumbwa, anauliza, "Nani mwengine anakula?" Nikikaa naye anasema niendelee, yeye atakula baadaye. Baadaye yake haikufika. Nilimsihi, nikamkemea, nikampa biskuti ili ale wali, kisha akawa hali hata biskuti. Kila nilichowakataza wazazi wa watu kwenye karatasi nilikifanya.

Siku ya lishe ilikuwa kwenye kiwanja, chini ya turubai. Walikuwapo watu wengi. Bi Duni akasema kwenye kipaza sauti, "Tuanze na watoto wa nyumbani kwetu." Muuguzi akamzungushia Ishak utepe, akaukaza, akautazama, akautazama tena. Njano, karibu kabisa na nyekundu. Hakuwa na nia mbaya, lakini kazi yake ni kusoma kwa sauti. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ya rabi, karani wa lishe, mwanawe njano! Wetu si watakuwa weusi?" Wakacheka. Bi Duni naye akacheka, kisha akanigeukia: "Nusaiba, huyu ndiye wako?"

Mama, sikufikiri. Nilisema, "Hapana. Wa dada yangu. Ameletwa jana tu, alikuwa anaumwa. Wangu yuko kwa bibi yake, mzima."

Ishak alikuwa ameshika baibui langu. Akasema, "Mama?" Nikainama nikamwambia, "Niite halati."

Nilidhani ni kwa saa moja. Lakini mhudumu wa ofisi anakaa mtaa huu huu wa Madungu, nyumba ya tatu, na kila jioni anapita. Nikamwambia Ishak aendelee hivyo hivyo mpaka nimwambie. Hakuuliza kwa nini. Alilishika kuliko nilivyotaka. Usiku mmoja nilifunga mlango na dirisha nikamwambia, humu ndani niite mama, hakuna mtu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nikizoea humu, nitakosea nje."

Hayo ni maneno yangu, mama. Ndivyo ninavyoishi mimi kwa ajili ya ofisi: hata nyumbani najichunga, nisije nikakosea kule. Ameyachukua kwangu bila kufundishwa, yeye ambaye sikuweza kumfundisha kula.

Ndiyo sababu sikumrudisha siku niliyoahidi, wala sikukupa simu uzungumze naye. Na siku mbili za mwisho hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Nilitakiwa nimpeleke kituo cha afya, najua, nimechapa mwenyewe hayo maneno. Kituoni wote wananijua. Nikampeleka kwa Nyange.

Kuna jambo jengine. Lile la chombo chake peke yake, kichwa chake cha habari kinasema: kuanzia miezi sita hadi miaka miwili. Ni kwa watoto wachanga wanaoanza kula. Niliyasoma maneno hayo mwishoni mwa Oktoba, nilipokuwa nasahihisha nakala. Sahani ilikuwa imeshafika kwako. Niliona haya kukuandikia kuwa nimekosea, mimi niliyesoma.

Niambie kama anakula. Sikuombi jengine.

Mwanao,
Nusaiba


Shumba Viamboni
20 Machi 2025

Nusaiba,

Waaleikum salaam. Ramadhani inaishia, Mungu atutakabalie. Siye wazima.

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa sijui nianzie wapi kumjibu mtu aliyeandika vizuri hivyo.

Nakupa habari ya mtoto, maana ndiyo uliyoomba. Alipofika nilimpeleka kituoni kwetu siku ya pili, nikakaa kwenye benchi mbele ya macho ya Shumba nzima. Wamempima, wamempa chakula cha pakiti, wametazama na kifua. Hana kitu. Lakini karatasi ya daktari haimtoshi Mwatum, kama karatasi zako zisivyonitosha mie. Basi siku ile ile nikatandika jamvi uwanjani, mchana, si ndani. Nikaweka sinia. Nikamwita Mwatum aje aonje chumvi. Ishak kala matonge mawili akaacha. Nikayachukua makombo yake, yaliyotoka mdomoni mwake, nikayala mie mbele yao, na vidole nikaramba. Siku ya nne Mwatum kamleta mwanawe mwenyewe, kamkalisha ubavuni mwa Ishak. Mambo ya kwetu yakiharibiwa kwa chombo, hutengenezwa kwa mdomo.

Hakuanza kula papo hapo. Wiki mbili alikaa upande wake akitazama mikono ya wenzake. Nikawakataza wasimwambie kula, hata mie sikumwambia. Siku moja Moza kamsukumia ukoko, kasema, "Shika, mie umenichoma." Kautafuna. Sasa anagombania, na juzi nimempiga mkono kwa kuvuka mpaka wa Mmanga. Nikaingia jikoni nikalia kwa furaha ya kumpiga.

Sasa jambo lako. Nilimwambia, "Mamako anakuja Idi." Kasema, "Mama ni weye. Anakuja halati." Nikamwambia hapana Ishak, yule ndie mamako, kakuzaa yeye, mie bibi yako. Kaniuliza, "Kasema yeye?" Nikasema, nasema mie. Jioni ile hakula. Nikajaribu tena baada ya siku tatu. Hakula tena. Jabir kasema tumkomeshe, mtoto hamkani mama. Nikamwambia Jabir, mtoto hakukana. Kaambiwa, katii.

Basi sitamwambia mara ya tatu. Ukitaka kuja Idi, njoo, nyumba ni yenu. Lakini nakwambia mapema usije ukaanguka uwanjani mbele ya watu: atakuita halati. Usimsahihishe. Usilie mbele yake. Akiita, uitike.

Mie mtoto anayekula simsumbui.

Mamako


Madungu
26 Machi 2025

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Namshukuru Mungu kwa habari ulizonipa. Mimi sijambo.

Juzi Bi Duni amenipa barua: nimethibitishwa kazini. Ameniuliza pia mwanangu wa Shumba anaendeleaje. Nimesema anakula vizuri.

Nitakuja Idi pili kwa gari ya asubuhi. Sileti biskuti.

Nitaitika.

Mwanao,
Nusaiba